Kujisajili kuwa mshauri wa kujitegemea Arusha: tathmini ya ORS, dirisha la TRA na leseni ya Jiji

Mtu aliyekaa miaka kumi kwenye idara ya TEHAMA ya benki au kampuni ya simu, kisha akaamua kurudi Arusha kuuza utaalamu wake mwenyewe, hukutana na serikali mara tatu kabla hajatoa ankara yake ya kwanza. Kwanza ni kwenye ORS, mfumo wa usajili mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Halafu TRA, mamlaka ya mapato. Halafu leseni ya biashara ya Jiji, au ya Manispaa kwa aliye Moshi. Hapa tunazipima huduma hizo kwa mahitaji ya mshauri na kocha, ambayo si mahitaji ya mwenye duka.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Mlango wa kuingilia ni mzuri na bei yake ni ya haki. Kasoro ni kwamba hakuna hatua hata moja inayokueleza kuwa kile ulichochagua kwenye skrini ya kwanza ndicho kitakachoamua kodi yako, dhamana yako na mikataba utakayoweza kusaini. Mwenye duka la vipuri Ngarenaro anaweza kukosea hapo na asiumie sana. Mshauri ataumia.

ORS: nyota nne kati ya tano

Unaingia kwa namba ya NIDA. Mfumo unakuuliza maswali kuhusu taarifa zako ili uhakikishe ni wewe, na majina yako yanavutwa kutoka huko moja kwa moja. Kama cheti cha ndoa, vyeti vya shule na NIDA havilingani majina, rekebisha NIDA kwanza. Ukijisajili kwa majina yasiyolingana na yaliyo kwenye mkataba au akaunti ya benki, utapeleka viapo kwa wakili kila mara mteja mpya anapokagua nyaraka zako.

Jina la biashara linagharimu shilingi 20,000: yaani 15,000 za usajili na 5,000 za kulihuisha kwa mwaka. Mfumo unatoa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Kampuni ni hesabu nyingine. Yenye mtaji usiozidi milioni 1 inalipa ada ya 95,000, na yenye mtaji wa zaidi ya milioni 1 hadi milioni 5 inalipa 175,000. Juu yake kuna 66,000 za kuwasilisha nyaraka na 6,200 za ushuru wa stempu. Jumla ni 167,200 kwa daraja la kwanza na 247,200 kwa la pili, bila malipo ya wakili. Wengi huandika mtaji mkubwa wakidhani unaleta heshima. Mteja haangalii mtaji, anaangalia kazi ulizofanya. Fedha hiyo ya ziada ilipe mtu akusomee mkataba.

Maombi hurudishwa kwa sababu zilezile kila siku. Jina linafanana mno na lililokwisha kusajiliwa, kwa hiyo tafuta kwanza kwenye mfumo wenyewe, na uwe na majina matatu mkononi. Fomu iliyounganishwa, ile ambayo mfumo unaitengeneza mwishoni ili uipakue na kuisaini, imepandishwa bila saini au ikiwa na ukurasa pungufu. Kwa kampuni, tarehe za katiba, tamko la wakili na ahadi ya uadilifu zinapingana. Au mwombaji amebadilisha kitu kwenye mfumo baada ya kusaini, na fomu aliyopandisha inasema jambo ambalo mfumo haulisemi tena. Dawa ya hilo la mwisho ni kujaza kila kitu, kulala, kukisoma asubuhi, ndipo upakue fomu.

Sehemu inayostahili kutulia nayo ni shughuli za biashara. ORS inatumia orodha ya kimataifa ya ISIC, na mtu wa TEHAMA akiona neno "kompyuta" hubofya la kwanza analokutana nalo. Tofauti zipo. 6201 ni kuandika programu. 6202 ni ushauri wa kompyuta na usimamizi wa vifaa na mifumo yake. 7020 ni ushauri wa uongozi na menejimenti. 8549 ni elimu nyingine isiyo ya shule rasmi, na humo ndimo yanamoingia mafunzo ya kitaaluma. Anayetaka kusanifu mifumo ya kampuni za utalii na kuwanoa mameneja wao anahitaji 6202 na 7020 kwa uchache. Akipanga kuendesha warsha za kulipiwa aongeze 8549. Ukiacha moja nje, siku mhasibu wa mteja anapolinganisha ankara na hati zako, kazi uliyoifanya haimo kwenye shughuli ulizosajili, na malipo yanasimama mpaka urekebishe. Usizidishe pia. Orodha ya shughuli kumi inakuletea maswali ya leseni kumi.

Neno lenyewe "kocha" lina kazi yake. Masikioni mwa watu wengi linaleta mpira wa miguu. Kwenye ankara na mapendekezo ya kazi andika "ukocha wa viongozi" au "mwongozo wa kitaaluma kwa mameneja", kisha useme ni vikao vingapi, vya dakika ngapi, na watu wangapi.

Nyota tunayoinyima ORS ni ya swali la jina la biashara au kampuni. Mfumo unayaweka mawili hayo kana kwamba ni saizi mbili za shati moja. Jina la biashara ni wewe mwenyewe ukiwa umevaa jina. Hifadhidata ya hoteli ikipotea mikononi mwako Julai, katikati ya msimu, anayedaiwa ni wewe na mali zako. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, lakini inadai wakurugenzi wawili, ritani ya mwaka BRELA yenye ada ya 22,000 na adhabu ikichelewa, vitabu vinavyokaguliwa, na kodi yake yenyewe.

Chukua mfano wa mshauri anayetoa ankara za milioni 4 kwa mwezi, yaani siku 8 za kazi kwa 500,000 kila siku. Kwa mwaka ni milioni 48. Gharama halali zikiwa milioni 12, faida ni milioni 36. Akiwa na jina la biashara, anakatwa kwa viwango vya mtu binafsi: milioni 12 za kwanza zinabeba kodi ya 1,536,000, na milioni 24 zinazobaki zinakatwa asilimia 30, yaani 7,200,000. Jumla 8,736,000. Akiwa na kampuni bila kujilipa mshahara, kampuni inalipa asilimia 30 ya milioni 36, ambayo ni 10,800,000. Kisha akichukua milioni 25.2 zilizobaki kama gawio, zinakatwa asilimia 10, yaani 2,520,000. Jumla 13,320,000. Pengo ni 4,584,000. Kujilipa mshahara ndani ya kampuni kunalipunguza pengo hilo, ila kunaongeza PAYE (kodi ya mshahara) na michango ya NSSF ya kila mwezi.

Kwa hiyo kwa mtu mmoja anayeanza, ushauri wetu ni jina la biashara pamoja na mkataba wenye ukomo wa dhamana: kifungu kinachosema hasara yoyote utakayodaiwa haitazidi ada uliyolipwa kwa kazi hiyo. Nenda kwenye kampuni unapopata mshirika, au mteja mkubwa anapoitaka hati ya kampuni kabla ya kukuruhusu kushindana. Arusha yenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika na miradi ya wafadhili, siku hiyo inaweza kuja mapema kuliko ilivyo kwingine. Basi iache ikukute na majina mawili ya wakurugenzi kichwani.

TRA: nyota tatu

TIN ni bure. Uliyekuwa mwajiriwa huenda tayari unayo ile isiyo ya biashara. Usiombe nyingine, mtu mmoja ana namba moja. Unaibadilisha iwe ya biashara. Kampuni hupewa yake.

Hapa ndipo watu wanapopotoshana mitaani. Utaambiwa kwamba mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 analipa ile kodi ndogo ya makadirio kwa kuangalia mauzo tu. Ni kweli kwa muuza nguo wa Kilombero. Kwako si kweli. Utaratibu ule hauwahusu watoa huduma za ushauri, za kitaalamu, za kiufundi, za menejimenti na za mafunzo, na mshauri wa TEHAMA anayefanya ukocha amegusa karibu zote. Wewe unakatwa kwa faida, kwa hiyo bila vitabu huna gharama za kutoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mshauri daftari ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya kila lita ya mafuta, kila kifurushi cha intaneti na kila mwezi wa pango. Risiti ya mkono haikusaidii.

Jambo la pili ni kodi ya zuio. Mteja mwenye biashara akikulipa kwa huduma, anazuia asilimia 5 ya ada kabla ya VAT na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwenye ankara ya milioni 4 unapokea 3,800,000. Hizo 200,000 hazijapotea: ni kodi yako uliyolipa mapema. Kwa mfano wetu, mwaka mzima ni 2,400,000, na deni la 8,736,000 linashuka hadi 6,336,000. Lakini linashuka kwa yule tu mwenye hati za zuio. Wahasibu wa kampuni ndogo za utalii huzuia bila kusita na hati husahau. Weka kwenye mkataba sentensi moja: "Mteja atampatia Mshauri hati ya kodi ya zuio ndani ya siku 15 tangu malipo." Kisha uifuate kila mwezi. Usisubiri Desemba, mhasibu aliyekukata atakuwa amekwisha kuhama.

VAT inahitaji swali la maandishi. Kiwango cha kawaida cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, ila sheria inawataka watoa huduma za kitaalamu wajisajili bila kujali mauzo. Nenda ofisi ya TRA na barua inayoeleza kazi zako, uulize kama unaingia humo, na utunze jibu. Anayegundua baadaye kwamba alipaswa kutoza asilimia 18 huilipa kutoka mfukoni, kwa kuwa mteja aliyekwisha kulipa harudi nyuma.

Nyota mbili tumezizuia kwa sababu maelezo haya yote yapo, lakini yametawanyika kwenye sheria ya kodi ya mapato, sheria ya VAT na vipeperushi. Maofisa wanajibu vizuri ukiuliza. Asiyejua swali hapati jibu.

Leseni: kazi nyepesi yenye mtego mmoja

Leseni za kundi B zinatolewa na halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI, za kundi A na BRELA. Shughuli ulizosajili ndizo zinazoamua uko wapi. Utaombwa hati za usajili, TIN, uthibitisho wa kodi na mkataba wa pango.

Mtego uko kwenye pango. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango la mwenye nyumba na kuipeleka TRA, na mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Chumba cha ofisi cha 200,000 kwa mwezi ni 2,400,000 kwa mwaka: 240,000 za zuio na 24,000 za stempu. Kisheria zile 240,000 ni za mwenye nyumba. Kwa vitendo wengi hukataa kukatwa, na mpangaji anazilipa juu ya pango. Zungumza naye kabla ya kusaini, na bei iandikwe kuwa ni pamoja na kodi ya zuio. Kwa kazi inayofanyika zaidi ofisini kwa wateja, meza ya kukodi kwa mwezi katikati ya mji inatosha mwaka wa kwanza, mradi mwenye jengo akupe mkataba unaokubalika kwenye leseni. Muulize hilo kabla ya kuuliza kasi ya intaneti.

Yasiyo kwenye mfumo wowote

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, fahamu unachoondoka nacho. Notisi ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, ila mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Anayejiondolea mwenyewe hakimhusu. Fao la NSSF la kukosa ajira nalo halikutengenezwa kwa aliyeacha kwa hiari. Bima ya afya inaisha na ajira, kwa hiyo ipange mapema, hasa mwenye watoto. Na zile hati za mradi, violezo na msimbo ulioandika ukiwa kazini, kwa kawaida haki zake ni za mwajiri. Usizipeleke kwa mteja mpya hata kama ulizibuni wewe.

Kwa upande wa bei: mila ya Arusha ya kutaja kila kitu kwa dola imekwisha. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Ankara kwa kampuni ya utalii ya Njiro iwe ya shilingi, hata kama yeye mwenyewe anapokea dola kutoka kwa watalii. Tazama pia kwamba ada ya siku siyo mshahara uliogawanywa kwa siku 22. Siku za kulipwa kwa anayeanza ni 8 au 9 kwa mwezi. Nyingine zinakwenda kwenye kutafuta kazi, kuandika mapendekezo na kufuatilia malipo. Aliyekuwa analipwa milioni 3.5 akitoza 160,000 kwa siku amejipunguzia mshahara zaidi ya nusu, na bado hajahesabu ile asilimia 10 ya NSSF aliyokuwa akichangiwa.

Anayetaka ukocha uwe nusu ya kazi yake apime cheti cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kama anavyopima bidhaa yoyote. Ngazi ya kwanza, ACC, inataka saa 60 za mafunzo, saa 100 za ukocha ambazo 75 ziwe za kulipwa, na saa 10 za kusimamiwa na kocha mzoefu zilizosambazwa kwa miezi isiyopungua mitatu. Ngazi inayofuata, PCC, inapanda hadi saa 125 za mafunzo na 500 za ukocha. Cheti kinahuishwa kila miaka mitatu. Kwa mashirika ya kimataifa kina uzito. Kwa chama cha ushirika cha kahawa mlimani Kibosho au hospitali ya binafsi Moshi, kinachouza ni kujua mfumo wao wa hesabu unakwama wapi. Tungeanza kuhesabu saa tangu kikao cha kwanza, kwenye jedwali lenye tarehe na muda, na kulipia mtihani mwaka wa pili.

Maandishi ya vikao hivyo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume. Meneja anayekueleza hofu zake kuhusu bosi wake amekukabidhi kitu kizito: faili lake lifungwe kwa nenosiri, lisikae kwenye WhatsApp, na mkataba useme wazi kwamba mwajiri anayelipa hatapewa yaliyosemwa, bali idadi ya vikao tu na malengo waliyokubaliana wote watatu.

Kwa kazi za serikali kuna NeST, mfumo wa zabuni uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kujisajili si kugumu kwa mtu wa TEHAMA, ila usiupe miezi yako ya kwanza. Zabuni za ushauri hupimwa kwa kazi zilizokwisha kufanyika, na wewe bado huna barua za wateja.

Mwisho ni kalenda, na kwa Arusha kalenda ni mbili. Ya TRA ina awamu nne za kulipa kodi ya mwaka: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na ritani kamili ya mwaka Juni 30 inayofuata. Ya mji inaanza na masika. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei magari ya safari yamepaki, mameneja wana muda wa kukusikiliza na kubadilisha mifumo, lakini fedha imekauka. Julai hadi Oktoba fedha ipo na hakuna anayeshika simu. Hivyo vikao na usanifu vipangwe Aprili na Mei, na mkataba ugawe malipo: asilimia 40 kazi inapoanza, 60 ifikapo Julai 31. Awamu ya Juni 30, ambayo kwa mfano wetu ni 1,584,000 (robo ya 6,336,000), itakukuta kabla malipo hayo hayajaingia, kwa hiyo itenge kutoka kwenye ile 40 siku ileile inapofika benki.